Istikhara ya Kidato cha Nne

Wiki iliyopita mwanangu alirudi kutoka skuli mikono myeusi mpaka viwikoni, kwa sababu ilikuwa zamu ya darasa lao kupaka ubao. Bado wanapaka kama tulivyokuwa tukipaka sisi: makaa ya betri kuukuu yanapondwa, yanachanganywa na maji ya majani ya muhogo, kisha ubao unasuguliwa kwa kitambaa mpaka unakolea. Nilimfokea kwa ajili ya shati, nikachukua sabuni, nikamkamata mikono, na harufu ile ikanipanda puani, majani mabichi na kitu kichungu kama kutu. Nikaacha kufoka. Nilikaa juu ya mbuzi ya nazi pale uani, mikono ya mtoto mkononi mwangu, mpaka akaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Nilikuwa nimemkumbuka shangazi yangu Zuwena, tuliyemzika kabla ya mfungo uliopita, na nikaukumbuka mwaka wangu wa mwisho wa skuli, ambao watu wazima wa nyumba yetu walinichosha kuliko mtihani wenyewe. Niliapa siku hizo kwamba nikiwa mkubwa sitamfanyia mtoto mambo kama yale. Nimekuwa mkubwa, na nimeyafanya mengi tu.

Kwetu ni Wingwi, shamba, ng'ambo ya Unguja. Nilikuwa kidato cha nne, katika skuli ambayo mwalimu wake wa hesabu alihamishiwa Unguja mwanzoni mwa mwaka na nafasi yake ikabaki wazi. Kipindi cha hesabu kilikuwepo kwenye ratiba. Tuliingia darasani, tukakaa kitako, tukapiga soga, kengele ikalia, tukatoka. Tukiuliza tunaambiwa mwalimu mpya yuko njiani. Njia hiyo sijui ilipita wapi, maana mpaka namaliza skuli hakufika.

Nyumbani tulikuwa wanne: baba, mama, bibi mzaa baba, na mimi. Kisha akaja Shangazi Zuwena, dada pekee wa baba, aliyekuwa akisomesha hesabu huko huko Unguja. Mumewe alifariki ghafla, na nyumba waliyokuwa wakikaa ilikuwa ya kazi ya marehemu, ikatakiwa. Eda hukaliwa nyumba ya mume, lakini shehe akasema kama hapana budi basi hapana budi, na mjane akaletwa kukaa eda kwa kaka yake, miezi minne na siku kumi. Alipewa chumba changu. Mimi nikahamishiwa kwa bibi, ambaye hukoroma na akiambiwa anakoroma hukasirika.

Sikumpenda shangazi, na nasema hivyo kwa aibu. Alikuja na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vitabu, na la vitabu ndilo lililokuwa zito. Alivaa nguo zisizo rangi, hakujifukiza, hakupaka mafuta yenye harufu, na hakusema. Nilikuwa msichana mkubwa wa kidato cha nne, lakini akili yangu juu ya mambo ya msiba ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili. Nilidhani eda ni kitu cha kuambukiza, kwamba anayekaa sana na mwenye eda naye husahau kucheka. Nikipeleka chakula naweka sinia mlangoni kwake nakimbia, na sinia hurudi kama lilivyokwenda, muhogo umepoa na samaki amekauka. Nikajitolea hukumu mwenyewe kwamba anatudharau, kwamba keshazoea mapochopocho ya mjini na chakula chetu cha shamba hakimpiti kooni. Nilimwambia mama hivyo siku moja na mama akaendelea kukuna nazi.

Shangazi alianza kunisemesha kwa kunikosoa. Nilikuwa nimekaa ukumbini na kitabu, nakokotoa kwa sauti kama ilivyo ada yangu, nikasikia kutoka nyuma ya pazia, "Umekosea mstari wa pili." Nikaitika labeka, nikidhani nimesikia vibaya. "Mstari wa pili," akarudia. "Umehamisha hasi, ukaisahau njiani." Hakuwa ameona daftari langu. Alikuwa amesikiliza tu. Nilitazama, na kweli hasi ilikuwa imepotea.

Baada ya hapo ikawa karibu kila siku, baina ya alasiri na magharibi, nikitoka chuo cha Kurani naingia chumbani kwake. Mlango wa kabati lililovunjika ukafanywa ubao. Nilitumwa betri, nikazitoa kwenye redio ya bibi zilizokuwa zimekwisha, na bibi akashikilia mpaka anakufa kwamba hazikuwa zimekwisha. Shangazi aliponda makaa mwenyewe, akasugua mwenyewe, mikono yake ikawa myeusi kama ya fundi baiskeli. Alikuwa mwalimu mkali. Nikikosea hanifokei, ananiambia nianze upya, na upya, na upya, mpaka natamani afoke tukapumzika.

Mwezi haujatimia akamwita baba. Nilikuwepo, maana nilikuwa nimebeba chai. Akamwambia kaka yake anitoe skuli. Jina libaki kwenye orodha ya watahiniwa, siku ya mtihani niende nikakae na wenzangu, lakini miezi hii iliyobaki nisome nyumbani, chumbani kwake, tangu asubuhi, hesabu na fizikia na kemia, kwa sababu kule napoteza siku. Alisema bila kuomba, kama mtu anayetoa bei.

Baba alikwenda kwa mwalimu mkuu siku ya pili. Mwalimu mkuu alikuna kichwa, akasema jina halina tatizo, tena yeye mwenyewe anaona haya kuwaambia wazee mwalimu wa hesabu yuko wapi. Lakini akataka jibu kabla ya kambi kuanza, kwa kuwa nafasi za kulala na mchele vinapangwa kwa hesabu ya watu.

Na hiyo kambi ndiyo iliyokuwa roho yangu. Kwa wasioijua, darasa la mtihani huhamia skuli miezi ya mwisho. Wasichana hulala darasa moja, wavulana jengo jingine, kwa mikeka na vyandarua, na kila nyumba hutoa mchele na nazi. Wazee hudhani watoto wanasoma. Kusoma wanasoma, lakini pia wanasukana, wanasimuliana, na wanacheka mpaka mwalimu wa zamu anagonga dirisha. Rafiki yangu Mkasi alikuwa keshanunua sanduku la bati, na tulikuwa tumeshakubaliana mkeka wake na wangu itakaa ubavuni mwa dirisha. Kukosa kambi kwangu ilikuwa sawa na kukosa harusi yangu mwenyewe. Upande wa pili, hesabu sikuijua, na bila hesabu cheti changu kingekuwa karatasi ya kufungia karanga. Hilo nalo nililijua, nikawa sitaki kulifikiria.

Sasa mtu angetarajia nyumba ya watu wanne wenye akili zao wakae kitako waamue. Ehe. Kwanza likaja suala la majirani. Siku moja nilikuwa na homa sikwenda skuli, siku ya pili nikabaki kumalizia zoezi la shangazi, na siku ya tatu, kwa dhati ya Mungu, akaja mama mmoja kutoka mtaa wa juu, hatumjui kwa undani, akakaa barazani, akanywa maji, akauliza kwa mapana na marefu kama ni kweli nyumba hii ina mwali. Kwetu msichana mkubwa asiyeonekana njiani asubuhi ana maelezo mamoja tu, kawekwa ndani, anasubiri mume. Bibi alifurahi, akauliza mtoto wa mama huyo anafanya kazi gani. Mama alisema binti anasoma. "Asoma nyumbani?" akauliza yule mama, akacheka kwa adabu kama mtu aliyepewa jibu la fumbo, akaondoka na kusema atarudi.

Baba akaona mambo yanamzidi. Akatangaza kwamba atasali istikhara.

Sina neno na istikhara. Ni sala ya mtu aliyekwama baina ya mawili, anasali rakaa mbili, anaomba aelekezwe kwenye kheri, kisha anashika njia yake. Lakini nyumbani kwetu, na nyumba nyingi ninazozijua, istikhara imefanywa kama barua ya maombi ambayo lazima ijibiwe, na jibu lazima lije kwa ndoto. Baba akasali siku ya kwanza. Asubuhi tukakaa mbele ya chai na muhogo wa kuchemsha, wote tunamtazama mdomo. Akasema hakuota. Siku ya pili hakuota. Siku ya tatu aliota amepoteza kiatu kimoja msikitini, na mjadala wa kiatu ukachukua asubuhi nzima, kama kiatu ni skuli au kiatu ni nyumbani, mpaka mama akasema kiatu ni kiatu. Siku ya nne baba akaanza kulala mchana ili kuongeza nafasi.

Masikini baba. Macho yalimwiva mekundu kwa kulala kwingi. Kila akiamka uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwenda bandarini kupokea mgeni na mgeni hakushuka. Siku zinakwenda, mwalimu mkuu anangoja, na mimi naona kwamba maisha yangu yote yanategemea mzee mmoja ameota nini. Hakuna aliyeniuliza neno. Hata mara moja.

Siku ya sita akaota bibi. Bibi hakusali istikhara yoyote, lakini hakuna jambo la nyumba ile lililompita. Alisema amemwona marehemu babu amekaa kizingitini mwetu, ananipa maji ya kunywa kwenye kata, na vitabu vyangu viko miguuni pake. Kizingiti chetu, maji yetu, kwa hivyo nisome nyumbani. Alisimulia kwa utulivu huku akimenya ndizi. Baba akasema ndoto ya mama ni nzito, ila angengoja siku ya saba.

Nikaona nakwenda na maji. Asubuhi ya saba, kabla baba hajafungua kinywa, mimi nikasema nimeota.

Niliizua pale pale, muhogo mdomoni. Nikasema nimeota niko skuli, mlango uko wazi, ndani mna nuru, na babu amekaa dawati la mbele amevaa kanzu nyeupe, ananiita kwa mkono. Nikageuka nyuma nikaona mvua inanyesha ndani ya nyumba yetu na vitabu vimerowa. Babu nilimtumia makusudi, kwa kuwa bibi alikuwa ameshamtumia, na nikajua marehemu mmoja hawezi kusema mawili. Bibi aliacha kutafuna. Lakini baba, Mungu amrehemu, baba uso ulimfunguka. Akashika kichwa changu kwa mikono miwili, akasema alhamdulillahi, mwenye jambo ndiye aliyeonyeshwa. Akavaa kofia akatoka kwenda kwa mwalimu mkuu kabla hata hajamaliza chai. Kambi ilikuwa inaanza baada ya siku tatu.

Nilipata nilichokitaka na furaha yangu ilidumu mpaka alasiri. Shangazi alikuwa ameambiwa. Nilipopita nje ya chumba pazia lilikuwa limefungwa, na sinia la mchana lilikuwa kizingitini, halijaguswa. Nikapita haraka.

Njia ya mwongo fupi, na yangu ilikuwa ya kutoka nyumbani mpaka chuo. Akirudi kutoka kwa mwalimu mkuu, baba alikuwa amekutana na Shehe Khatib, imamu wetu na ndiye pia aliyetusomesha chuoni, akamsimulia ndoto yangu kwa furaha yote. Shehe naye akaifanya somo. Alitusomesha alasiri ile habari za ndoto za kweli, akanitolea mfano mimi, Riziki binti Hamad, mbele ya watoto wote, kuwa moyo safi huonyeshwa. Kisha, kama mwalimu mzuri yeyote, akageuza upande wa pili. Akatwambia mtu anayezua ndoto asiyoiona, kesho kiama atapewa punje mbili za shayiri aambiwe azifunge fundo, na hatoweza, na hataachiwa mpaka aweze.

Shayiri sikuwahi kuiona. Nilichokijua ni mchele. Nilirudi nyumbani nikaingia jikoni, nikachukua punje mbili kwenye ungo, nikajaribu. Usicheke, nilijaribu kweli. Nilizilowesha kwanza nikidhani zitalainika. Nilizibana, nilizipinda, moja ikavunjika, nikachukua nyingine. Mama aliingia na kuni akanikuta nimechuchumaa, jasho linanitoka, vidole vimejaa vumbi la mchele. Mama hakusali istikhara na hakuota chochote wiki ile nzima. Alikuwa ameshasema kwamba yeye akilala hulala usingizi tu. Akatua kuni. Akaniuliza nafanya nini. Nikalia mpaka kamasi, nikamwambia yote.

Nilitegemea kofi. Nikasema nitakwenda kumwambia baba. Mama akatikisa kichwa.

"Si baba yako uliyemdhulumu kwanza. Nenda kwa shangazi yako."

Nikamuuliza shangazi nimemfanya nini, wakati yeye ndiye aliyetaka kunifungia ndani akakae na mimi kwenye huzuni yake.

"Siku akikusomesha hula," mama akasema. "Siku asipokusomesha hali. Kulla mtu humu ndani kaliona hilo, ila weye."

Alisema hivyo tu, akaanza kupanga kuni. Nilibaki nimeshika ungo. Nikayakumbuka masinia, yale niliyoyabeba mimi mwenyewe kwa mikono yangu, yaliyorudi matupu na yaliyorudi yamejaa, na sikuwahi kuyaoanisha na chochote. Mimi niliyejidai kujifunza hesabu. Wiki nzima nilikuwa nikiwakasirikia kwamba wanazungumza juu ya masomo yangu bila ya mimi, kumbe nusu ya mazungumzo hayakuwa juu yangu. Walikuwa wakimwangalia mtu anayezama chumba cha pili, na hakuna aliyethubutu kulisema mbele ya mtoto, wala mbele ya mwenyewe. Niliona haya. Pia, na hili nalisema kwa kuwa ni kweli, nilikasirika zaidi. Wangeniambia tu.

Shangazi alikuwa amekaa kitandani, sanduku la vitabu limefungwa. Nilisimama mlangoni nikakiri. Nilisema maneno mengi, kuwa ndoto ni uwongo, kuwa nitabaki, kuwa sitaki kambi tena, kuwa nitakaa naye mpaka eda iishe na baada yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uwongo nliujua," akasema. "Kaka alivyonihadithia tu nliujua. Ndoto yako imepangika mno. Mtu akiota huota nusu. Weye umeleta swali, umeleta njia, umeleta na jibu."

Nikasema basi nimekuja kubaki.

"Nenda kambi."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Nani kakwambia uje?" akauliza. "Mamako? Wameshakaa wakanihesabia matonge? Sikiliza, Riziki. Miye nlitaka mwanafunzi. Sadaka siitaki. Kama umekuja kunionea huruma, rudi ukafunge mkeka wako. Na babako utamwambia weye mwenyewe ile ndoto, hapana atakayekusemea."

Wallahi watu wazima hawa. Unawakataa wanahuzunika, unawakubali wanakufukuza. Nilitoka mle chumbani nikiwa nimefura, na kwa kuwa nilikuwa nimefura nilipata ujasiri wa kwenda moja kwa moja kwa baba, aliyekuwa nyuma ya nyumba akipalilia migomba. Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema ile ndoto nimeizua, sikuota kitu.

Baba aliegemea jembe. Nilingoja ghadhabu, nilingoja hata akae chini ashike tama, maana nilikuwa nimemchezea kitu alichokiamini kwa moyo wake wote. Akaondoa udongo kwenye jembe kwa kidole cha mguu.

"Na miye nna langu," akasema. "Jibu nlilipata siku ya kwanza. Si kwa ndoto. Nlipotoa salamu ya sala tu, moyo ulilala upande mmoja. Nikaogopa."

Nikamuuliza aliogopa nini.

"Nna dada mmoja, na nna weye. Nikikutoa skuli kisha ukaanguka mtihani, ntakuwa nimekuuza kwa ajili ya dada yangu. Nikikupeleka kambi, yeye nimemwacha mle chumbani pekee yake. Basi nikawa nasali nasali, nataka aje mtu mwingine aniamulie. Ulipokuja na ndoto yako nliipokea kama mtu aliyetuliwa mzigo, wala sikuuliza."

Mpaka leo sijui niweke wapi maneno yale. Siku saba mzee amelala mpaka macho yamevimba, nyumba nzima tumefasiri kiatu, na jibu alikuwa nalo kifuani tangu sala ya kwanza. Nikamuuliza moyo ulilala upande gani. Hakuniambia. Alifariki hajaniambia. Badala yake aliniuliza jambo ambalo lilikuwa halijatoka kinywani mwa mtu yeyote wa nyumba ile tangu mambo yaanze.

"Weye wataka nini?"

Wiki nzima nilikuwa nikilisubiri swali hilo ili niwashe moto, na sasa limekuja, moto haukuwaka. Kambi niliitaka. Niliutaka mkeka wa dirishani, nilimtaka Mkasi, nilitaka kucheka. Nikatazama mikono yangu, ina unga wa mchele. Nikamwambia baba kwamba hesabu siijui, na skuli hakuna wa kunisomesha, na Shangazi Zuwena nikikaa naye nafahamu, hata akinichosha. Nikamwambia nataka kusoma nyumbani. Baba akasema haya, akarudi kwenye migomba yake.

Shangazi nilimpelekea maneno hayo hayo, bila machozi na bila huruma. Alinitazama kuona kama naongopa. Kisha akaniambia nimletee kitambaa na majani ya muhogo, ubao umefifia.

Siku wenzangu walipokwenda kambi walipita mbele ya nyumba yetu na masanduku vichwani. Mkasi aliniita, nikajificha nyuma ya mlango nikalia. Yule mama wa mtaa wa juu alirudi mara mbili. Na shangazi, kama vile sijateseka vya kutosha, akaanzisha skuli kamili ndani ya chumba kimoja. Saa moja na nusu asubuhi aligonga gilasi kwa kijiko, hiyo ndiyo kengele. Nilisimama kumwamkia. Alichora daftari la mahudhurio, akaita jina langu, Riziki Hamad, nami nikatakiwa niitike "nipo", sote wawili tukiwa tumekaribiana kiasi cha kugusana magoti. Niliona upuuzi mtupu. Saa tisa na nusu masomo yalikwisha, na hapo yeye hubaki ubaoni akiandika hesabu ndefu za peke yake, safu kwa safu, akifuta na kuandika, mpaka jua linashuka. Nilidhani anatunga mazoezi magumu ya kunikomoa kesho yake. Bibi ndiye aliyeniambia, miaka mingi baadaye, kwamba saa zile ndizo mume wa shangazi alizokuwa akirudi kutoka kazini.

Shangazi alikula. Si sana, lakini masinia yalirudi mepesi. Mimi nikaanza kufahamu, kwanza milinganyo, kisha maumbo, kisha siku moja nikamkosoa yeye, mstari wa tatu, na alisimama akitazama ubao, akasema, "Kweli," na sote tukajifanya si jambo kubwa. Mtihani nilifaulu, kwa wanaotaka kujua. Hesabu nayo nilifaulu.

Eda yake ilikwisha zikiwa zimebaki wiki sita tuingie mtihani. Wakaja wanawake wa mtaani asubuhi, akaogeshwa, akavalishwa kanga mpya, udi ukatiwa chetezoni, ubwabwa ukapikwa, dua ikasomwa, na wengine wakalia kwa niaba yake kwa kuwa yeye hakulia. Kwa desturi angekwenda kwanza kuwaamkia wazee. Baba alishasimama nje kumsindikiza. Shangazi akavaa buibui, akatoka kizingitini, akafumba macho kidogo kwa jua, akaniuliza skuli yetu iko upande gani.

Nilidhani anataka kwenda kumshukuru mwalimu mkuu. Nilimpeleka. Alitembea mbele, haraka, kama mtu aliyechelewa kipindi, na mimi nyuma nikihema. Kwa mwalimu mkuu hakukaa hata kitako. Alimwambia ana wiki sita na hana kazi, watoto wako wapi. Mwalimu mkuu alisimama, akakaa, akasimama tena, akatupeleka mwenyewe mpaka mlango wa darasa.

Wote walikuwepo. Mkasi alinipungia mkono kutoka dirishani akanisogezea nafasi. Shangazi akaomba daftari la mahudhurio, akalifungua juu ya meza, akaanza kuita. Abdalla Omar. Nipo. Asha Juma. Nipo. Sauti ni ile ile ya chumbani kwangu, na kalamu inasimama vile vile kwenye kila jina. Jina ambalo kwa miezi lilikuwa la kwanza na la mwisho lilifika la thelathini na moja. Niliitika kwa sauti ndogo, kama mtu aliyenyang'anywa kitu chake mbele ya watu. Shangazi hakuinua kichwa. Aliweka alama, akamwita anayefuata.